Nyumba ya Siku Saba
Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita niliwaacha Jumanne asubuhi, mwezi wa pili, nikiwa jikoni kwangu Fittja, kitongoji cha Stockholm, na vipokea sauti masikioni. Sauti ya mzee ilikuwa imetoka tu kusema, "Naitwa Sowedi."

Wengi mmeniandikia mkiuliza kwa nini sikukata simu. Leo nawajibu, ingawa jibu lenyewe linaniaibisha.

Kwa aliyekosa sehemu za nyuma: nilikuja Sweden kusomea misitu, masomo yakanishinda, nikaajiriwa na kampuni iliyouza likizo. Kazi yangu ilikuwa kuwaalika watu wanaozungumza Kiswahili kwenye chakula cha jioni cha bure, hotelini katikati ya jiji. Wakishashiba, nawauzia nyumba Hispania. Sowedi na mkewe walikuwa miongoni mwao.

Neno nyumba nililiweka mimi. Kwenye mkataba halikuwamo.

Kampuni ilifungwa. Nikasomea ukalimani, nikala kiapo, na kwa miaka sita nimekuwa nikiwatafsiria watu kwa simu, hospitalini, shuleni, kwenye ofisi za manispaa. Mteja hanioni wala hajui jina langu. Najulikana kwa namba.

Kiapo hicho kinanikataza kuyasema haya. Ruhusa ninayo, na aliyenipa mtamjua kwa wakati wake.

Sasa kwa nini sikukata simu.

Kanuni ni nyepesi. Ukimfahamu mteja, unatamka sentensi moja, "Mkalimani ana uhusiano na mhusika," unajitoa, anatafutwa mwingine. Sentensi hiyo ilikuwa mdomoni mwangu. Lakini nilitaka kujua anajua nini. Nilitaka kusikia kama atanitaja. Basi nikabaki.

"Mimi ni mkalimani wa Kiswahili," nilisema, nikiishusha sauti na kuondoa lafudhi yangu yote ya Kagera. "Nitatafsiri kila kitakachosemwa humo ndani. Nikisema 'mimi', anayesema ni yule niliyemtafsiri. Nimefungwa na siri."

"Vizuri," alisema mzee. "Mkalimani, wewe mtu wa wapi?"

Nikalitafsiri swali kwa Kiswidi, kama kanuni inavyotaka. Aliyekuwa naye ofisini alicheka kidogo. Alikuwa Rebecka, mshauri wa haki za walaji wa manispaa, mwanamke niliyewahi kumtafsiria mara mbili tatu. Mtu wa sauti ya taratibu, asiyependa maneno mengi.

"Mkalimani halazimiki kujibu," alisema.

Sikujibu.

"Sowedi, umekuja na barua nyingi," aliendelea. "Tuanze mwanzo. Mlinunua nini?"

"Tulinunua nyumba."

"Tulinunua nyumba," nikasema kwa Kiswidi.

Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyo. Unasema kwa mdomo wako, kwa "mimi" na "sisi", neno la mtu mwingine. Ila hili lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyelipanda katika kichwa cha mzee yule miaka tisa iliyopita, na sasa lilikuwa limerudi kwangu likiwa katika sauti yake.

Na sauti yake ilinitisha. Mzee Sowedi ni mtu wa Arua, Uganda, aliyekimbia nchi yake akiwa kijana. Kiswahili alichojifunza jeshini huko kilikuwa cha amri na matusi. Kiswahili chake cha sasa alifundishwa na mkewe, Bi Nasma, mtu wa Tanga. Kila alipofungua kinywa nilimsikia Bi Nasma humo. Ule mvuto wake wa maneno. Ile "ati" yake.

Rebecka alifunua karatasi. Nilizisikia zikichakacha.

"Mkataba huu hausemi nyumba," alisema. "Unasema haki ya kukaa katika fleti moja, wiki ya arobaini na sita, kila mwaka. Ukuta hata mmoja si wenu. Mna ruhusa ya kulala pale siku saba, katikati ya mwezi wa kumi na moja. Wiki nyingine zote ni za watu wengine."

Nikamtafsiria mzee.

Halafu akasema, polepole, "Nasma, wasikia?"

Nikatafsiri. "Nasma, wasikia?"

Kumbe yumo humo ndani, amekaa pembeni. Nikamwona vile alivyokuwa jioni ile hotelini, shungi ya kijani, miwani imeteremka puani. Wageni wote walikuwa wanakula, mimi nahangaika na makaratasi, na yeye peke yake ndiye aliyegundua kwamba sijala. Alichukua paja la kuku, akalizungushia karatasi ya mezani, akanitilia mfukoni mwa koti. "Utakula baadaye, mwanangu. Kazi haina mwisho." Dakika ishirini baadaye nilimpa kalamu.

"Sowedi," alisema Rebecka kwa upole, "kwenye fomu umeandika kwamba mke wako amefariki. Au nimeelewa vibaya?"

Zamu yangu ilikuwa imefika. Mdomo haukufunguka.

"Mkalimani anaomba sentensi irudiwe," nikasema.

Akairudia, neno kwa neno. Ikabidi niseme.

"Kwenye fomu umeandika kwamba mke wako amefariki."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha Bi Nasma. Niliisikia kwa sauti yangu mwenyewe, nikiwa namwambia mumewe.

"Mwaka juzi, mwezi wa Rajabu," alijibu mzee. "Mwambie huyu mama asinidhanie mwendawazimu. Nilimzika kwa mikono yangu. Najua alipo. Lakini anakuja."

"Anakuja vipi?" aliuliza Rebecka.

"Usingizini. Hakai, husimama mlangoni na koti lake, kama mtu anayesubiriwa nje. Haniulizi habari yangu. Haulizi kama nakula. Huniuliza neno moja tu: 'Umemfikishia?' Nikimwambia bado, hugeuka akaenda zake."

Niliyatafsiri maneno yale nikiwa nimeishika meza.

"Umfikishie nani?" aliuliza Rebecka. "Kitu gani?"

"Nitafika huko, mama. Kwanza nataka kujua ninachotakiwa kumfikishia kama kipo."

Rebecka hakumkatiza tena. Akamwomba mzee amwambie yote aliyoambiwa na muuzaji, moja moja, naye atamwambia lipi kweli na lipi si kweli. Ndugu msomaji, saa ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa kwenye kazi hii.

"Kijana alisema tukiichoka tutaiuza kwa faida, maana nyumba za Hispania zinapanda bei."

"Nyumba zinapanda," alisema Rebecka. "Wiki hazipandi. Wengi wanaojaribu kuziuza hawapati mnunuzi, hata wakitaka kuzitoa bure. Na kuna watu watakaokupigia simu wakisema mnunuzi wamempata, ila utangulize ada."

"Wamepiga mara tatu."

"Usiwalipe."

"Alisema tunaweza kubadilishana. Wiki yetu tumpe mtu, yeye atupe yake mahali popote, hata Zanzibar."

"Kubadilishana kupo. Unalipia, na unapata kilichobaki. Mwenye wiki ya Novemba hawezi kudai ya Julai."

"Alisema ada ya mwaka haitabadilika."

"Imebadilika?"

"Kila mwaka. Mwaka huu niliilipa kwa nauli ya kwenda kumwona dada yangu Arua. Alisema tusipolipa, polisi wa hapa watakuja mlangoni."

Hilo nalo nililisema. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilimwambia Bi Nasma kwa utani, tukicheka, kalamu ikiwa mkononi mwake.

"Hakuna anayekamatwa na polisi kwa ada ya likizo," alisema Rebecka. "Litakuwa deni kama deni lolote. Watakuandikia barua kali, wanaweza kwenda mahakamani. Jela haimo."

Mzee alishusha pumzi ndefu. Nilielewa kwamba kwa miaka tisa alikuwa akiisikiliza ngazi ya ghorofa yao kule Rissne kila mtu alipopanda.

"Kwa hiyo wote hawa ni wezi?" aliuliza.

"Hapana," alisema Rebecka. "Hilo nalo watu wanalikosea. Wazazi wangu wana wiki yao. Wanakwenda kila mwaka, fleti ile ile, wanamfahamu mpaka muuza mikate. Hawajawahi kujuta. Ila walijua wanacholipia. Waliilipia likizo mapema, basi. Hawakuambiwa wana nyumba."

"Sisi tuliambiwa."

"Siku mliyosaini, mlilipa chochote?"

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana hapa ndipo nilipofanya nililokuja kuliungama.

Mzee alijibu waziwazi. "Tulilipa siku ile ile, pale mezani. Kijana alisema ni ya kuishikilia nafasi yetu, wengine wasiichukue."

Nami nikasema kwa Kiswidi, "Tulilipa baadaye, baada ya wiki chache."

Yalitoka yenyewe, laini, na pumzi haikunipaa. Miaka sita ya ukalimani sikuwahi kuongeza wala kupunguza neno la mtu. Niliufuta ukweli wa mzee yule kwa sentensi moja.

Nilisikia Rebecka akiweka kalamu mezani.

"Pole sana. Hapo ndipo nilipokuwa natazamia. Anayenunua wiki ana siku kumi na nne za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti. Angekuwa alipokea siku ile, tungekuwa na pa kuanzia. Lakini kama mlilipa baadaye, sioni mlango."

Mnaona shimo nililojichimbia. Nikimtafsiria mzee maneno haya, atasema papo hapo, lakini tulilipa siku ile. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili.

"Anasema pole," nikamwambia mzee. "Anasema haoni mlango."

"Hivyo tu? Mbona amesema maneno mengi?"

"Ndivyo alivyosema."

Rebecka alianza kuzipanga zile barua, kama mtu anayetaka kumrudishia mwenzake mzigo wake.

"Mama," alisema mzee, "kabla sijaondoka nikusimulie jambo moja. Si la mkataba."

"Sema, muda upo."

"Mwaka wa kwanza tulikwenda. Nasma alikuwa amemwomba kijana vipimo vya madirisha, naye akamtajia."

Niliyatunga vipimo vile. Sijawahi kukanyaga jengo lile.

"Miezi mitatu alishona mapazia. Kitambaa cha manjano, cherehani juu ya meza ya kulia, mimi nakula nimesimama. Aliyaweka kwenye sanduku, nguo zake mwenyewe akazipunguza. Tukafika. Msichana wa mapokezi akatupa ufunguo, akasema, mtaondoka Jumamosi saa nne asubuhi. Nikamwambia Nasma, huyu mtoto amekosea, haijui nyumba yetu. Tukaingia. Nasma akapanda juu ya kiti, akayashusha mapazia yaliyokuwapo, akayaleta yake kwenye dirisha. Hayakufika hata nusu. Akabaki amesimama pale juu ameyashika. Akaja mwanamke wa usafi, akasema hairuhusiwi, fleti hii Jumamosi inaingia watu wengine, na wiki inayofuata wengine."

Nilikuwa natafsiri sentensi kwa sentensi.

"Nasma hakulia. Alishuka, akayakunja mapazia vizuri, akayarudisha sandukuni. Siku saba tulikaa, hakuyataja. Kwenye ndege tukirudi ndipo aliponishika mkono. Akaniambia, 'Sowedi, usimwambie yule kijana. Ataona haya.'"

Niliisikia ile "haya" kama alivyokuwa akiitamka yeye.

Nikainyamazia. Rebecka akasubiri. "Mkalimani?"

"'Usimwambie yule kijana,'" nikasema kwa Kiswidi. "'Ataona haya.'"

Halafu nikasema lingine. "Mkalimani anaomba kurekebisha tafsiri."

"Tafsiri ipi?" aliuliza Rebecka.

"Ya malipo. Mteja alisema walilipa siku ile ile, mezani. Mkalimani alisema baadaye. Si alichosema mteja."

"Na maelezo yangu ya siku kumi na nne?"

"Hayakutafsiriwa."

"Una maana alisikia nini?"

"Alisikia kwamba huoni mlango."

Rebecka aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Nitalazimika kuliandika hili kwa shirika lako. Sasa mwambie yote, kama nilivyosema."

Nikamwambia mzee yote. Siku kumi na nne, na marufuku ya kupokea pesa.

"Mbona mwanzo hukuniambia?" aliuliza mzee. Aliniuliza mimi, si Rebecka.

"Ni kosa la mkalimani," nikasema.

"Kosa la masikio au la moyo?"

Nikalitafsiri swali lile kwa Kiswidi. Sikulijibu, na Rebecka hakusema kwamba silazimiki.

"Sowedi," alisema, "siahidi kitu. Miaka imepita, kampuni haipo, mikataba ilichukuliwa na wengine huko Hispania, na jambo lenyewe ni la wakili. Lakini aliyepokea pesa mezani akipatikana, akasema kwa mdomo wake kwamba alizipokea siku ile, utakuwa na kitu mkononi. Mkataba ulisainiwa na meneja. Jina la muuzaji halimo. Unalijua?"

"Nalijua. Ndilo nililokuja nalo."

Nikasikia zipu ya mfuko, kisha karatasi laini ikikunjuliwa.

"Nasma aliandika haya hospitalini," alisema mzee, "siku nne kabla. Mwandiko umepinda lakini unasomeka. Mkalimani, nitasoma taratibu. Utafsiri bila kupunguza."

Akasoma:

"Mimi Nasma, mke wa Sowedi, sina mtoto. Vyombo vyangu na cherehani apewe dada yangu aliye Tanga. Nyumba ya Hispania, na wiki yake, na ufunguo wake, apewe Vedasto Rwechungura, mwanangu niliyempata Stockholm. Ni yake tangu mwanzo. Sowedi, usipumzike mpaka umfikishie."

Jamani.

Jina langu kamili niliwahi kumwandikia nyuma ya kadi, usiku ule wa mkataba, na namba ya simu. Likitokea lolote, Bi Nasma, nipigie. Laini ile niliitupa mwezi uliofuata. Sijui alipiga mara ngapi.

Na sasa nilikuwa nimesimama katikati ya jiko, sikumbuki niliinuka saa ngapi, naliangalia dirisha langu mwenyewe. Ni yake tangu mwanzo. Alikuwa ananipa zawadi, au alikuwa ananirudishia mzigo wangu? Mwanamke aliyeona haya kwa niaba yangu angani juu ya Ulaya, alilala pale kitandani na mipira puani, akaichagua sentensi ile. Nimeigeuza usiku na mchana tangu siku hiyo. Naisoma hivi, inakuwa upendo. Naisoma vile, nasikia mlango ukifungwa nyuma yangu.

"Mkalimani," alisema Rebecka. "Bado upo?"

"Yupo."

"Tafadhali."

Nikatafsiri wasia. Cherehani, dada, Tanga. Nilipofika kwenye jina nilivuta pumzi, nikalisema. Lilitoka dogo, kama jina la mtu aliyekwisha kufa.

"Nisaidie," alisema Rebecka. "Huyu Vedasto ni mrithi. Na muuzaji?"

"Ni huyo huyo," alijibu mzee.

"Mke wako alijua alichowauzia?"

"Alijua tangu siku ya mapazia. Mimi ndiye niliyekataa kujua. Nilijiambia mapokezi wamekosea, ipo siku watatupa nyumba yetu. Miaka miwili hii nalipia ada ili isipotee kabla sijamkabidhi mwenyewe. Nimemtafuta. Nimeuliza watu wa Bukoba, nimeuliza kwenye misa zao. Wote wanasema alihama."

Sikuhama. Niliacha kwenda.

Nilisikia vidole vya Rebecka kwenye kompyuta. Anayeishi nchi hii anajua: mtu akiwa na jina lako, anwani yako anayo, na mara nyingi simu yako pia.

"Jina hilo liko moja tu Sweden nzima," alisema. "Anakaa Fittja."

Nikatafsiri. Niliitaja anwani yangu, mtaa, mpaka ghorofa.

"Fittja?" alisema mzee. "Mimi huswali Fittja kila Ijumaa. Hupita pale chini ya majengo yale." Kisha akasema, "Mpigie, mama."

"Kwa kawaida ningemwandikia barua."

"Barua ataitupa. Mimi naulizwa kila nikilala. Nimechoka kusema bado."

Rebecka alifikiri. Nilimwomba Mungu akatae.

"Haya," alisema. "Nitatumia simu ya mezani. Mkalimani, usikate, huenda akajibu kwa Kiswahili."

Akaanza kubonyeza namba. Nilizihesabu bila kutaka. Simu ya kazi ilikuwa mezani imeunganishwa na vipokea sauti. Simu yangu mwenyewe ilikuwa ndani ya koti, mlangoni, hatua nne kutoka niliposimama. Kitufe cha kuzima kipaza sauti kilikuwa chini ya kidole changu. Kukibonyeza tu, wasingesikia kitu. Simu ingelia kwangu kimyakimya, ingenyamaza, Rebecka angesema hapokei, mzee angevaa kofia yake akaenda kituoni.

Kidole kilikuwa pale. Hakikubonyeza.

Koti likaanza kulia.

Lililia mara ya kwanza. Likalia mara ya pili, kubwa, jiko zima, nami nikaisikia sauti ile ikirudi kwangu kutoka kwenye spika ya ofisi ya Rebecka.

"Mungu wangu," alisema Rebecka kwa Kiswidi, polepole. Kwa mara ya kwanza sikutafsiri.

Mzee Sowedi hakushangaa. Nilisikia kiti chake kikivutwa karibu na spika, halafu pumzi yake, halafu ile sauti ya Tanga katika ulimi wa mtu wa Arua.

"Pokea, mwanangu."

Na mdomo wangu, kwa mazoea ya kazi, ukamtafsiria Rebecka neno kwa neno, "Pokea, mwanangu," huku miguu ikiwa imeshaanza kwenda mlangoni.